Viungio vya Mabehewa Sitini

Nimechoka, na nikisema hivyo sitii chumvi. Miaka kumi na sita nimeinamia mabehewa yasiyozidi urefu wa kalamu, nikiyaandika namba kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zangu, na sasa mgongo umeanza kudai haki zake. Lakini mgongo wangu una siku yake. Leo nataka kusema habari za Kipimo, maana watu wameanza kuzisimulia ovyo, na wanaozisimulia ovyo ni wale ambao siku ile hata hawakuwapo.

Karakana yetu iko ghorofani, juu ya duka la matairi, kwa hiyo mwaka mzima tunavuta harufu ya mpira. Tunatengeneza treni za mfano: vichwa, mabehewa, reli, stesheni zenye saa zisizotembea. Wanunuzi ni makumbusho, hoteli zinazotaka kitu cha kuweka ukumbini, na wazee wenye nafasi waliokosa treni utotoni wakaamua kujifidia. Tuko wanne. Yupo bosi, mama aliyeirithi karakana kwa baba yake pamoja na kikohozi. Yupo seremala, anayetengeneza meza na majengo, na kazi yake ya pili ni domo. Nipo mimi wa rangi. Na alikuwapo Kipimo, fundi wa viungio.

Kiungio ni kile kidude kilichoko kila mwisho wa behewa, kinacholishika behewa linalofuata. Sisi hutumia aina mbili. Ya kwanza ni kulabu, ndoana ya plastiki na kitanzi chake. Ni kubwa, ina sura mbaya, lakini unaibana mahali pake kwa kidole gumba na kazi imekwisha. Ukitaka kuachanisha mabehewa unaingiza mkono, unanyanyua. Ya pili tunaiita kiganja, kwa sababu ina umbo la mkono uliokunjwa nusu. Viganja viwili vikisukumana vinakamatana vyenyewe. Chini yake kuna mkia wa waya, na ukilisimamisha behewa juu ya sumaku iliyofichwa relini, mkia unavutwa, viganja vinaachiana, mkono wa mtu haujagusa kitu. Kinafanana kabisa na kile cha treni ya kweli. Shida yake ni springi. Ndani ya kila kiganja kuna springi isiyofika nusu ya punje ya mchele, na ikichomoka kwenye kibano inaruka, na ikiruka usiitafute, umeshaipoteza. Ndiyo maana kazi ile hufanywa mikono ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, ili springi ikiruka isifike mbali.

Kipimo alikuwa fundi saa kabla ya kuja kwetu. Alikuwa na kibanda chake kwenye kona, na lenzi yake ya kuvaa jichoni, mpaka simu zikaingia na watu wakaacha kutengeneza saa. Akaja karakana akiwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, akapewa meza ya dirishani, na kwa miaka ishirini na miwili hakuiacha ila mara moja. Jina la Kipimo tulimpa sisi. Kuna kipande cha bati kinachopima kama kiungio kimekaa kimo kinachotakiwa, kisiwe juu wala chini, na yeye hakukitumia. Alipitisha ukucha wa kidole gumba tu, akasema, "Kimezidi unene wa karatasi." Seremala alikuwa anakwenda kuchukua bati ili amuumbue, na kila mara aliumbuka yeye.

Hakuwa mtu wa maneno. Chakula chake cha mchana alikula amesimama, eti tumbo la mtu anayekaa siku nzima linahitaji kunyooka. Meza aliifuta kwa kitambaa kibichi asubuhi na jioni, na ole wako uweke kikombe chako pale. Lakini nilipokuwa na mimba ya pili, harufu ya rangi ikawa inanitapisha, aliinuka siku moja bila kuulizwa, akabeba kiti chake, akaniambia, "Dada, hamia dirishani." Nilikaa pale miezi minane, na yeye akafanya kazi ya springi katika kiza cha katikati ya chumba, mahali pangu. Nilipojifungua na kurudi, nilikuta amerudisha meza yangu mahali pake na ameifuta. Hatukulizungumza tena, lakini mtu husahau mengi, hilo si mojawapo.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya haya ninayotaka kusimulia, ilikuwa zamu yangu kufagia. Chini ya meza ya Kipimo nikaokota springi kumi na moja. Kumi na moja. Kipimo hakuwa mtu wa kupoteza springi hata mbili kwa mwezi. Nikaziweka kwenye kopo lake, nikala jiwe. Wiki iliyofuata, behewa la hoteli lilipokuja kwangu kufungwa kwenye sanduku, nikaona kiganja kimoja kinaning'inia kama jino bovu. Hakina springi. Niliangalia huku na huku, nikachukua kibano, nikaiweka mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kibano.

Kesho yake nilifika kazini nusu saa kabla ya wengine, nikafungua sanduku lake la kazi zilizokwisha. Vitatu havikuwa na springi, kimoja kilikuwa nayo lakini imekaa upande. Nikarekebisha, nikafunika. Basi nikawa nafika mapema kila siku. Mwanzoni nilikuwa nakagua tu. Baada ya miezi mitatu sikuwa nakagua tena, nilikuwa nafunga mimi, maana vingi vilikuwa tupu. Yeye alivipanga vizuri sandukuni kila jioni, akauacha mfuniko wazi kidogo, akaenda zake. Nami nilidhani hajui.

Mume wangu alinitolea macho. "Unafanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mtu mmoja, na huyo mwenyewe hata asante hasemi." Nikamwambia aachane na mimi. Angesemaje asante kwa jambo lisilojulikana? Na kulisema kulikuwa na hatari yake. Binti yake Kipimo alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize chuo cha uuguzi. Mke wake, ambaye namwita wifi, ana pumu, hafanyi kazi. Bosi angejua kwamba fundi wa viungio haoni springi, Kipimo angeondoka siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja tu. Nilijiambia nitajikaza mwaka mmoja, kisha yeye apumzike kwa heshima na mimi nilale.

Ndipo akaja mkufunzi wa chuo cha reli.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mkono wake wa kulia una vidole vinne. Kabla ya kufundisha alikuwa mpangaji mabehewa, wale wanaoingia katikati ya treni kuunganisha na kuachanisha. Alitaka meza ya mita nane yenye uwanja mzima wa kupangia, na mabehewa sitini. "Wanafunzi wangu wawili wameumia mwaka huu," alituambia, huku akizungusha kofia mkononi. "Tunawapeleka uwanjani wakiwa wamesoma vitabu tu. Nataka wakosee mezani kwanza. Wajue treni inarudi nyuma kwa mwendo gani, inagusa vipi, inaachia wapi, na kwamba mkono hauingii katikati chuma kikiwa kinatembea."

Bosi akasema hilo linawezekana. Kilichobaki ni kuchagua viungio, na hapo yeye humwachia fundi. Akamgeukia Kipimo.

Mimi brashi ilikuwa imesimama hewani. Jibu lilikuwa wazi hata kwa seremala. Watu wanaotaka kujifunza kuachanisha mabehewa bila kuingiza mkono, unawapa nini kama si viganja?

"Kulabu," akasema Kipimo.

"Kulabu?" akauliza mkufunzi.

"Wanafunzi wana mikono mizito. Viganja ni vitu vya makumbusho. Kulabu zinavumilia, na kona za meza yako ni kali." Alisema bila kumtazama mtu, akifuta meza iliyokwisha futwa.

Mkufunzi akaitikia kwa shingo upande. Bosi akaandika kulabu.

Nilimfuata Kipimo kwenye birika la chai. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira sauti inashuka badala ya kupanda. "Kaka, kulabu kweli?"

"Hazisumbui."

"Hazimsumbui nani?"

Akamimina chai. Ilipita ukingo wa kikombe ikamwagika mezani, naye akaendelea kumimina mpaka nilipolishika birika. "Mwaka wa binti yangu umebaki miezi minne," akasema polepole. "Niache."

Nikamwacha. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimefura, nikamweleza mume wangu jinsi mtu niliyemheshimu alivyoweka tumbo lake mbele ya vidole vya watoto wa watu. Mume wangu alikuwa anavua viatu. Akasema, "Si ndiyo nafuu yako? Kulabu hazina springi. Utalala mpaka jua litoke." Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshaliwaza njiani, na nililifurahia.

Mkufunzi hakuridhika. Baada ya siku mbili alimpigia bosi, akaomba ajaribishiwe aina zote mbili kabla ya kuamua: mabehewa kumi na mawili ya kulabu, kumi na mawili ya viganja, Alhamisi saa nne asubuhi. Bosi akakubali. Kipimo akafunga kulabu zake kwa siku moja. Yale ya viganja akayapanga sandukuni pamoja na viganja vyake vitupu na kopo la springi, akauacha mfuniko wazi kidogo.

Jumatano nilifika saa kumi na mbili na nusu, duka la matairi bado limefungwa. Nikaingiza mikono kwenye mfuko wa nailoni, nikaanza. Viganja ishirini na vinne. Nilijua kwamba nikifunga vizuri, treni ya viganja itashinda, mkufunzi atavichukua, na mabehewa sitini yana viganja mia na ishirini, na hakuna namna ningeweza kufunga mia na ishirini kwa siri. Kipimo angeumbuka. Niliwaza kuacha springi mbili tatu makusudi. Nikazifunga zote. Si kwa wema, mkono tu ulikataa. Nilipomaliza, viganja vilikuwa vinang'aa upya kwenye mabehewa niliyoyachakaza kwa rangi yawe ya zamani, na mimi siwezi kuona chuma kipya kwenye behewa kuukuu nikakiacha. Nikachovya brashi, nikavigusa kimoja kimoja kwa rangi ya kutu. Vilipendeza. Ilikuwa saa mbili kasoro, wenzangu wakaanza kupanda ngazi.

Alhamisi mkufunzi alifika kabla ya saa nne. Seremala alikuwa ameunga meza ya majaribio yenye kona mbili. Tukaanza na kulabu. Zikazunguka mara nane, hazikukosea hata mara moja. Kisha mkufunzi akataka kuliachanisha behewa la tano. Akaingiza mkono wake wa vidole vinne katikati ya mabehewa, akanyanyua kulabu. Akabaki ameushikilia pale.

"Hapa ndipo nilipokiacha kimoja," akasema. Akautoa mkono, akaufutia kwenye suruali.

Tukaweka treni ya viganja. Ilizunguka mara moja vizuri. Mara ya pili, kwenye kona, behewa la saba likaachia. Kichwa kikaenda na sita, sita yakabaki yamesimama. Mkufunzi akakirudisha kichwa nyuma polepole, kistadi, mabehewa yakagusana, hayakushikana. Akarudia. Yakashikana, yakatembea nusu mzunguko, yakaachia tena, safari hii la saba na la kumi.

Mkufunzi alikunja midomo. Alikuwa ametaka sana vishinde, ungemwonea huruma. "Basi," akasema, "fundi alisema kweli. Andika kulabu, mama."

Bosi akafungua daftari la oda. Nami nilifurahi. Nasema wazi, kwa sababu nimeahidi kusema mambo yalivyokuwa. Sikujua kwa nini viganja vimeachia na sikutaka kujua. Kipimo angemaliza miezi yake minne, binti angemaliza chuo, na mimi kesho ningeamka saa moja kama watu wengine. Kuhusu wanafunzi, nilijiambia kwamba watafundishwa kwa namna nyingine. Mtu aliyechoka hujiambia vitu vya ajabu.

Kipimo akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akaipapasa meza mpaka kwenye behewa la saba, akalichukua. Hakulipeleka machoni. Alipitisha ukucha kwenye kiganja, akakisukuma, akakisikiliza, kisha akakipeleka puani.

"Bosi, usiandike," akasema. "Hii ni rangi."

Nikaitazama mikono yangu.

"Kiungio hakipakwi rangi," akaendelea, kwa sauti ile ile ya kupima unene wa karatasi. "Rangi imeingia kwenye bawaba, imekauka, kiganja hakifungi. Kiganja chenyewe hakina kosa. Springi imefungwa vizuri, vizuri kuliko zangu. Dada, nipe spiriti na kitambaa."

Nikampa. Miaka kumi na sita sijawahi kufanya kosa lile, na sababu ni kwamba siku zote behewa hutoka kwangu likaenda kwake, viungio huja mwisho, rangi yangu haivifikii. Safari hii nilishika kazi zote mbili, na mkono wa rangi ukafanya ulichozoea. Mtu mwingine yeyote angeviacha ving'ae.

Alivisafisha vyote ishirini na vinne. Ilichukua karibu saa nzima, na mkufunzi alisimama akingoja kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Kipimo alichukua behewa, akachovya kitambaa, akasugua, akasikiliza, akaliweka relini kwa kupapasa, akachukua jingine. Angeweza kuacha wakati wowote. Angeweza kutoinuka kabisa. Lilipokwisha la mwisho, mkufunzi aliwasha, na treni ikazunguka mara kumi, kisha akalisimamisha behewa la tano juu ya sumaku. Viganja vikaachiana. Kichwa kikaondoka na mabehewa yake manne, mengine yakabaki, na hakuna mkono uliokuwa karibu. Mkufunzi alilitazama lile pengo, akalitazama tena.

"Nachukua hivi," akasema. Kisha akamgeukia Kipimo, na hakusema kwa ukali: "Fundi, wewe unavijua kuliko sisi sote. Kwa nini uliniambia kulabu?"

"Kwa sababu hivi siwezi kuvifunga tena. Macho yamekwisha."

Seremala aliinamisha kichwa akaanza kuokota maranda.

"Na hivi nani amevifunga?" akauliza bosi.

"Huyu hapa."

"Na vya hoteli? Vya makumbusho?"

"Vyote. Mwaka mzima sasa."

Bosi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akakohoa. Akalifunga daftari. "Twende ofisini, kaka," akamwambia, na alimwita kaka kwa upole, nikajua imekwisha.

Nilisimama nje ya mlango wa ofisi kama mkwe asiyejua aingie au arudi. Alipotoka yeye niliingia mimi. Nilimwambia bosi asimwondoe. Nilisema miaka ishirini na miwili si mchezo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nimpe kazi gani?" Aliuliza kwa dhati, alitaka nimsaidie kufikiri. Nikafikiri. Kufagia, angeacha springi sakafuni. Kufunga masanduku, anwani hazisomi. Kupokea simu, bosi anapokea mwenyewe, zinaingia nne kwa siku. Nikasimama pale nimeshika kitasa. Akasema atamwacha mpaka mwisho wa mwezi, anielekeze kazi ya viungio, kwa sababu kuanzia sasa ni yangu. Ya rangi pia.

Nilimkuta Kipimo ameketi kwenye ngazi, chakula chake magotini. Siku hiyo alikuwa amekaa kula. Nikakaa naye.

"Ulijua," nikamwambia.

"Dada, vitu naviacha sandukuni vitupu, asubuhi navikuta vina springi. Nifikirie nini, panya?"

"Mbona hukusema?"

Alitafuna, akameza. "Ningesema, ungeacha. Au ungeendelea kwa huruma, na mimi ingebidi nikuone huruma yako usoni kila siku."

"Usingeiona," nikamwambia.

Ilinitoka tu. Akageuza uso upande wangu, nikadhani nimemvunja moyo, kumbe anacheka. Tukacheka wote wawili mpaka fundi wa matairi akachungulia kutoka chini. Kisha kicheko kikaisha, na tukabaki tumechoka kuliko mwanzo.

"Na zile kulabu?" nikauliza. "Nilikuchukia siku mbili nzima kwa ajili ya zile kulabu."

"Nusu ilikuwa kwa ajili yako. Springi mia na ishirini zilikuwa zinakuja shingoni mwako, na nilikuwa nakusikia asubuhi unavyokaa kwenye kiti, unaguna kama bibi yangu. Nusu ilikuwa kwa ajili yangu." Akafunika chombo chake. "Usiniulize nusu ipi ilikuwa kubwa. Leo asubuhi nilitaka kukaa kimya. Nilikuwa nimeshakaa kimya, bosi ameshika kalamu. Lakini ule mkwaruzo wa yule mtu alipofutia mkono suruali ulikuwa bado masikioni mwangu, vidole vinne."

Wiki tatu zilizobaki alikuja kila siku, kwa wakati, akafuta meza yake, akakaa pembeni yangu. Meza ya dirishani nilikuwa nimepewa mimi. Nilitaka akae kwenye kiti chake, akakataa, akasema springi haziwezi kufungwa na mtu aliye kizani, yeye ameshajaribu kwa miezi minane. Alinifundisha vitu ambavyo nilidhani navijua. Kusikiliza kiganja kabla ya kukifunga. Kukata mkia wa waya kidogo kidogo, kwa sababu ukizidisha sumaku haiushiki. Nilipokosea alisema, "Rudia," bila kupandisha sauti, na nilipochoka alijua kabla yangu, akaniambia nisimame ninyooke. Binti yake alipewa nafasi ya kufanya kazi za zamu hospitalini huku anasoma, ili ajilipie miezi iliyobaki. Kipimo aliniambia hilo mara moja, akahamia kwenye habari za gundi.

Behewa la sitini lilikwisha siku ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Niliyapanga yote mezani mbele yake, mistari sita ya kumi kumi, tayari kwa kufungwa masandukuni. Alipitisha ukucha kwenye viungio vya mstari wa kwanza, kimoja baada ya kimoja, akiitikia kwa kichwa kwamba vizuri. Mimi wakati wote nilikuwa nadhani ni springi ndizo zilizomshinda, vitu vidogo, namna inavyowatokea watu wa umri wake. Hata chai ile ilipomwagika nilidhani ni mawazo.

Alifika mwisho wa mstari, akaacha mkono wake juu ya paa la behewa.

"Umeyapaka rangi gani?" akauliza.

Nilitazama yale mabehewa sitini kwenye jua.

"Nyekundu ya udongo, kaka."

"Yote?"

"Yote."

"Yatakuwa yanapendeza," akasema, akanyoosha mkono pembeni, akipapasa kutafuta ukingo wa meza ili ainuke aende.